Samaki wa Adeng

Watu wa Kakuma walinicheka kwa miaka mingi, na siwalaumu. Mturkana mzima, mwana wa wafugaji, kila jioni amekaa kwenye kiti cha plastiki anatazama samaki ndani ya kioo. Si wa kukaanga, si wa kukausha, si wa kuuza. Wa kutazama tu. Jirani yangu mmoja hakupita mlangoni bila kuuliza, "Nanok, leo umekamua lita ngapi?" Nami nilimwambia aende akakamue ndevu za beberu wake.

Samaki walikuwa wa mke wangu, Adeng. Alikuja kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa msichana, kutoka Sudan Kusini, katika kijiji kilichokuwa kando ya mto Nile, na kitu alichokililia zaidi katika jangwa letu hakikuwa nyumba wala shamba. Kilikuwa mto. Mimi nilikuwa fundi wa pampu za visima. Siku moja nilitumwa kutengeneza bomba karibu na kwao, nikaipanga upya foleni ya mitungi ili nipate pa kuweka vifaa vyangu. Adeng akanigombeza mbele ya kina mama wote hadi masikio yakapata moto. Mimi ni mtu wa hasira, kila anayenijua anajua hivyo, na siku hiyo nilikuwa nimempata aliyenizidi. Nilimpenda palepale nikiwa na spana mkononi.

Lile tangi la kioo alipewa na daktari mmoja wa shirika aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Ndani mlikuwa na samaki wadogo wa rangi ya machungwa, wa aina isiyotaga mayai bali huzaa watoto wakiwa hai wanaogelea. Wale wa kwanza walishakufa zamani kwa uzee. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu, na Adeng aliujua ukoo wao wote, nani mama ya nani, nani mwizi wa chakula. Jike mkubwa alimwita Madam, kwa sababu alikula kwanza na hakumpisha mtu. Jua la Kakuma linapofika saa saba linaweza kukuchemshia uji mezani, basi Adeng alilifunika tangi kwa leso yake ya kujifunga iliyoloweshwa maji, na leso ikianza kukauka analowesha nyingine. Hakukosa hata siku moja. Hata figo zilipoanza kumshinda na miguu ikamvimba, alikuwa akiniita kutoka kitandani: "Baba Achol, leso!"

Alikufa mwaka jana, mvua zilipokuwa zimenyesha kidogo zikakata. Nilimzika Kakuma. Nikaendelea kulowesha leso.

Mwaka huu kazi yangu ikaisha. Tuna mtoto mmoja, Achol, ni muuguzi Kitale, ana nyumba yake huko na mahali pa kuniweka. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini, nami zizi langu sasa lilikuwa kwa binti yangu. Akanipigia simu akaniambia nije, akanitajia na vitu vya kugawia majirani.

"Lakini Baba, usije bila samaki wa Mama."

"Achol, kutoka hapa hadi Kitale ni safari ya siku nzima. Kwa joto hili?"

"Najua. Nimeuliza watu, nimesoma, nitakufundisha. Baba, nguo zake ninazo, picha ninazo. Nataka kitu chake kimoja kinachopumua."

Nikasema nitawaleta.

Basi nikawa mwanafunzi wa binti yangu kwa simu. Nisiwalishe siku ya kuamkia safari, ili wasichafue maji njiani. Nisiweke maji mapya, nichote yaleyale ya tangi, kwa maana samaki akibadilishiwa maji ghafla hushtuka kama mtu aliyemwagiwa ndoo usingizini. Ile sponji ya chujio nisiioshe kamwe, uchafu wake ndio unaosafisha maji, niibebe ikiwa imelowa. Ndoo isijae, nusu iwe maji na nusu hewa. Nipate chombo kisichoingiza joto. Nikaenda kwenye zahanati moja nikaomba kasha la kubebea chanjo lililovunjika bawaba, wakanipa. Ndoo ikaingia ndani yake kama ilikatiwa humo. Nikaweka na pampu ndogo ya betri ya kupuliza hewa, na mtungi mmoja wa maji ya tangi wa akiba.

"Na giza," Achol akasema. "Ukifunika wanatulia. Usifungue fungue kuwaonyesha watu."

"Mimi si mtu wa maonyesho."

"Na mikono, Baba. Sabuni hapana, mafuta hapana, tumbaku hapana. Unakumbuka yule mgeni?"

Nilimkumbuka sana. Mzee mmoja alikuja kututembelea, akainama kutazama samaki, na tumbaku aliyokuwa akitafuna ikamdondoka mdomoni, kipande kidogo tu, ikaanguka majini. Kabla ya magharibi nusu ya samaki walikuwa wanaelea tumbo juu. Adeng alilia siku ile, kisha akaweka sheria, na sheria ya Adeng haikuwa na rufaa.

Dereva wangu alikuwa Longor, kijana wa Lodwar mwenye pikapu na mdomo usiofungwa. Tulipakia kitanda, viti, masufuria, na tangi lenyewe likiwa tupu limezungushiwa godoro. Kasha nikalikumbatia mbele, juu ya mapaja.

"Mzee, hii kitu inalia blu-blu-blu kama tumbo ya ngamia," Longor akasema kabla hatujatoka Kakuma.

"Endesha gari."

"Na ukiskia njaa huko mbele?"

"Longor, nitakushusha kwenye gari lako mwenyewe."

Akacheka, lakini aliendesha vizuri. Penye shimo alipunguza mwendo, na mara mbili aliniuliza kama samaki wako sawa, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Lami ilikuwa inang'aa, miti ya mathenge imesimama pande zote mbili na vumbi lake. Nilifungua kifuniko kidogo tu tulipokaribia Lodwar, nikachungulia. Walikuwa wametulia wote, Madam katikati, wanachezesha mapezi. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia Adeng moyoni, unaona?

Kilichobaki Lodwar kilikuwa kumuaga mama yangu.

Mama yangu ni Awoi, mzee sana sasa, na anakaa na jamaa zetu pembeni ya mji, ng'ambo ya mto. Nitasema mambo yalivyokuwa. Mama hakuwahi kumkubali Adeng. Ndugu yangu mkubwa aliuawa malishoni na wavamizi waliotoka ng'ambo ya mpaka, nami miaka michache baadaye nikaleta nyumbani msichana wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilimweleza kwamba kabila la Adeng ni jingine kabisa, kwamba na wao walikimbia bunduki zilezile. Alinisikiliza hadi mwisho. Kwa mama, ng'ambo ni ng'ambo. Hakumtukana Adeng hata siku moja. Alimpa maziwa, alimpa ngozi ya kukalia, na hakumwambia neno. Akufukuzaye hakwambii toka, na Adeng alielewa, akaacha kwenda. Lakini kila alipopata mtu anayesafiri kwenda Lodwar, alimpelekea mama mkwe tumbaku, ile nzuri ya sokoni Kakuma, ameifunga kwenye karatasi. Mama aliipokea. Salamu hazikurudi. Adeng alipokufa nilituma habari, na mama hakuja kuzika.

Kwa hiyo nilikuwa nimejipangia kuingia, kusalimu, kunywa chai kwa haraka, na kutoka.

Tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha kibanda, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Nikamsalimu, ejok, akajibu ejok, akanishika mkono akaupapasa hadi kwenye kiwiko kama anayenunua mbuzi. Longor alikuwa ameshusha kasha nililomwagiza asiliache kwenye jua, akaliweka kivulini karibu nasi. Pampu ikaendelea kunung'unika.

"Nini kinanguruma humo?" mama akauliza.

"Samaki, mama. Nawapelekea Achol."

Akalitegea kasha sikio. Nilifikiri ameishia hapo, kama kawaida yake.

"Ni wale wa Adeng?"

Nilishtuka. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Alikuwa akisema "yule wako", au "mgeni", au anaashiria kwa kidevu kuelekea Kakuma.

"Ndiyo, mama. Wa Adeng."

Akaingiza mkono chini ya shanga za shingoni, akatoa kifurushi cha karatasi kilichokunjwa kikakunjwa tena hadi karatasi ikawa laini kama kitambaa. Akakifungua juu ya goti. Ndani mlikuwa na kipande cha tumbaku kikavu.

"Hii ndiyo ya mwisho aliyonitumia," akasema. "Nyingine zote nimekula. Hii ilinishinda."

Sikuweza kumwangalia. Longor naye, yule mwenye mdomo usiofungwa, aliufunga.

"Unahama na sijakubariki," mama akasema. "Na huyo mwanamke sikumbariki akiwa hai, sikumbariki akiwa anakufa. Sasa kilichobaki chake kinapita mlangoni kwangu, ni hicho kinachonguruma. Nifungulie."

Kisha akatia tumbaku yote mdomoni, akaanza kutafuna.

Kama wewe si wa kwetu nikueleze. Mzee wa Kiturkana akikubariki hakupungii mkono. Anatafuna tumbaku, anamwomba Akuj, Mungu wetu, nyinyi mnaitikia, na mwisho anakupulizia mate ya tumbaku kifuani na usoni, na hufuti. Baraka haifutwi. Ukiikataa hujakataa mate, umemkataa aliyekuzaa, na baraka iliyokataliwa hairudi mdomoni ikiwa baraka.

"Mama," nikasema, "bariki kasha kwa nje. Wataipata."

"Wewe nilikuzaa kupitia ukutani?"

"Basi tumia maji. Maji ni baraka pia."

"Maji si wanayo tayari?"

Longor alitaka kucheka akajizuia. Mimi nilikuwa natokwa na jasho mgongoni. Nilijua, jamani. Nilijua vizuri sana kilichokuwa kinatafunwa na kitafanya nini. Ningeweza kusema. Sentensi moja tu: mama, tumbaku inaua samaki. Nilikuwa nayo ulimini. Nikamtazama yule mzee, taya zake zinasaga kwa shida kwa kuwa meno hayapo, macho ameyaelekeza kwenye kasha na haoni vizuri liko wapi, nikakumbuka miaka yote ile Adeng aliyofunga tumbaku kwenye karatasi akamkabidhi msafiri, halafu anakaa kungoja kama kuna neno litarudi. Hakuwahi kuniambia anangoja. Lakini msafiri akirudi alikuwa ananiuliza, "Alisema nini?" nami najibu, "Amepokea." Adeng anasema, "Haya." Ndivyo ilivyokuwa, mara zote.

Neno lilikuwa limerudi. Mimi ni nani wa kulifungia mlango?

Nikafungua kifuniko.

Mama aliinuka, Longor akamshika mkono. Akaanza kuomba kwa ile sauti nyembamba ya wazee.

"Mvua ipo?"

"Ipo," tukaitikia, mimi na Longor.

"Maziwa yapo?"

"Yapo."

"Mabaya yameondoka? Yamekwenda na jua?"

"Yameondoka."

"Adeng yupo?"

Longor peke yake ndiye aliyejibu. "Yupo," akasema, kijana asiyemjua hata kwa sura.

"Akuj amlaze mahali penye maji," mama akasema.

Akanipulizia mimi kwanza, usoni na kifuani. Kisha akainama juu ya ndoo, akapuliza kwa nguvu zake zote, mara moja, na mara ya pili, hadi kinywa kikakauka. Maji yakaingia rangi kidogo. Mama akakaa chini akihema, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetua kuni.

Nikafunika. Chai ilikuwa jikoni, na chai ya mama huwezi kuikimbia, hasa siku kama ile. Nilikunywa ikiniunguza ulimi. Kubadilisha maji mbele yake kungekuwa sawa na kujifuta uso mbele yake. Niliaga, akanishika mkono tena, akasema, "Nenda polepole, usiwatikise."

Tulipokata kona tu nikamwambia Longor asimame. Nikachomoa ndoo, nikamwaga maji kwa uangalifu hadi yakabaki ya kuwafunika, nikajaza yale ya mtungi wa akiba. Wawili walikuwa wanazunguka kama walevi. Mmoja amelala ubavu. Madam alikuwa juu kabisa, anameza hewa.

"Mzee, hii moja imelala," Longor akasema.

"Naona."

"Ni ile tumbaku?"

Nilifunika ndoo. Akawasha gari.

Nilijaribu nilichojua na nisichojua. Niliweka sponji ndani, nikaongeza kasi ya pampu, nikalowesha shati langu nikafunika kasha. Maji ya akiba yalikuwa yamekwisha, na ya bomba nisingethubutu. Kila nilipofungua, kulikuwa na mwingine. Walikufa mmoja mmoja, bila kelele, na hilo ndilo baya la samaki. Mbuzi angelia ukajua. Hawa unafungua tu unakuta. Niliwatoa kwa kiganja nikawaweka kwenye leso ya Adeng iliyolowa, ile niliyobebea sponji. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia daktari aliyeleta tangi lake jangwani, nikamkasirikia Adeng kwa kufa kabla ya kusikia jina lake. Longor alizima redio bila kuambiwa.

Kainuk kuna kizuizi cha polisi. Askari akachungulia dirishani, akaona mzee ana madoa ya tumbaku usoni amekumbatia kasha.

"Umebeba nini hapo, mzee?"

"Samaki."

"Fungua."

Nikafungua. Alikuwa amebaki Madam peke yake, na Madam alikuwa anaelea kichwa chini, pezi moja likicheza. Tukamtazama sote watatu hadi pezi likaacha.

"Aah, hii imekufa," askari akasema. "Si mngekaanga tu? Ni wadogo lakini."

Sijui ningefanya nini. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango, na Longor akanikamata bega. Akamwambia yule askari, taratibu, "Afande, hiyo ni ya mama yetu marehemu." Askari akanitazama tena. Akasema pole, akarudi nyuma, akainua chuma cha kizuizi mwenyewe.

Tukavuka mto Turkwel. Longor akauliza kama niwatie mtoni, maji ni maji. Nikamwambia Adeng sikumtupa, hawa pia siwatupi. Baada ya hapo tukapanda milima, hewa ikapoa, mvua ikaanza, mvua nene ya Kitale ambayo Adeng angesimama nje kuipokea kwa mikono miwili. Nililia nikiwa nimegeukia dirisha. Longor aliniacha nilie, Mungu ambariki.

Achol alikuwa amesimama getini bila viatu. Ndani, sebuleni, alikuwa ameweka tangi jipya kubwa kuliko lile letu, amelijaza maji siku nyingi kabla ili yapoe na kutulia, ameweka changarawe na majani, pampu inapuliza. Taa imewashwa. Hakuniuliza habari za safari. Alinyoosha mikono kupokea kasha.

Nikampa leso.

Aliifungua pale pale getini, mvua inamnyeshea, akawatazama. Kisha akanitazama uso na kifua. Achol ni mtoto wa Turkana pia, anayajua yale madoa.

"Nyanya," akasema.

"Achol, mwanangu, sikiliza kwanza."

"Hata baada ya Mama kufa bado anamsumbua! Hata samaki, Baba? Mimi alininyima hata jina. Watoto wenzangu wote walipewa jina na bibi zao, mimi Mama akanipa la mama yake kwa sababu hakuna aliyekuja. Na wewe ulimfungulia?"

"Nilimfungulia."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Akaingia ndani akafunga mlango wa chumba chake. Sikumfuata. Nilichimba shimo dogo kwenye tuta la maua chini ya dirisha, nikawazika na leso yao. Jioni alitoka macho yamevimba, akaniwekea chakula, akakaa. Ndipo nikamweleza yote: karatasi iliyokunjwa, tumbaku ya mwisho, jina, "mahali penye maji". Chakula kikapoa mbele yetu.

Asubuhi simu ikalia. Ilikuwa namba ya jirani wa mama. Nikaweka sauti kubwa kwa sababu mama hupiga kelele hata hivyo, huamini mtu aliye mbali lazima apigiwe ukelele. Achol alikuwa mezani anakunywa chai, amevaa sare ya kazi.

"Mmefika?" mama akauliza.

"Tumefika, mama."

"Na samaki wa Adeng?"

"Wamefika."

Na kweli walifika. Achol akaweka kikombe chini.

"Vizuri," mama akasema. "Jana sikulala. Kuna maneno sikuyasema, nilijaa. Kitale siwezi kufika kwa miguu hii. Hicho chombo cha samaki kiko karibu? Iweke simu hapo niongee nao. Na wewe, Nanok, toka. Si maneno yako."

Nilisimama katikati ya sebule na simu mkononi, sijui niipeleke wapi. Lile tangi jipya lilikuwa linapuliza viputo, majani yanacheza, taa inawaka, na ndani hamna hata kiumbe kimoja. Nilitaka kukata simu nisingizie mtandao. Achol akainuka. Akaichukua kutoka mkononi mwangu, akaenda akaibandika kwenye kioo, akaishika hapo kwa viganja viwili.

"Iko hapo, nyanya," akasema kwa Kiturkana. Alikuwa hajasema naye tangu akiwa msichana wa shule.

Mama akakohoa.

"Adeng. Ni mimi, Awoi. Tumbaku yako ilikuwa nzuri. Nilikula yote. Sikukutumia salamu kwa sababu ningeanza na salamu ningelazimika kuja, na ningekuja ningekupenda, na mwanangu aliyekufa angebaki na nani wa kumkasirikia? Ulipokufa miguu ilikuwepo ya kuja. Moyo ndio ulikataa kutoka. Mtoto wako nilisikia amezaliwa alfajiri, mvua inanyesha. Jina nilikuwa nalo. Nilikaa nalo mdomoni siku nyingi nikilitafuna, halafu nikalimeza. Lilikuwa Nakiru, jina la mvua. Mwambie mtoto wako, kama bado analitaka."

Mabega ya Achol yalianza kutikisika.

"Wananisikia?" mama akauliza. "Mbona kimya?"

Achol alijipangusa uso kwa bega, akiwa bado ameishikilia simu kwenye kioo.

"Samaki hawasemi, nyanya."

"Najua," mama akasema. "Ndiyo maana nimeweza. Usiitoe simu bado."

Hakuitoa. Nikaenda nikasimama kando yake, nikaweka mkono wangu juu ya wake ili usichoke, na mama akaendelea kuongea na yale maji.